Barua Zilizokwama Emali

Lori la Isuzu liliingia soko la Migwani kwa kasi ya mwizi. Akina mama wa nyanya waliruka pembeni. Nyanya zao hazikuwahi.

Nyuma ya lori, Yamaha nyeusi ilipita juu ya rojo hiyo bila kupunguza mwendo.

Aliyeiendesha ni Kanyiva Muthama, jasusi wa Kitengo, idara ya siri ambayo hata bawabu wa jengo lake jijini Nairobi anadhani ni ofisi ya bima. Kiunoni alikuwa na Glock 19. Mgongoni alibeba kompyuta ya ThinkPad. Moyoni alikuwa na hasira iliyoanza asubuhi ile alipowaona kuku.

Kuku wa shule ya msingi. Walikuwa wamelala nyuma ya jiko, miguu juu, baada ya kudonoa mahindi yaliyomwagika wakati magunia ya msaada yakishushwa. Wapishi walikuwa bado hawajapewa hata kibaba. Lakini dereva wa lori alipomwona mwanamke mgeni amechuchumaa akimgeuza kuku mfu kwa kijiti, hakungoja kuulizwa. Aliwasha gari.

Mtu asiye na hatia humkimbia nani?

Nje ya mji barabara ilinyooka. Kanyiva aliinama juu ya tangi, akalifikia lori ubavuni. Dereva alipinda usukani ili ambane. Yeye akafunga breki, akaliacha lipite, akachomoa bastola.

Risasi moja. Gurudumu la nyuma.

Lori liliyumba, likaacha lami, likajichomeka pua kwenye mchanga wa mto mkavu. Dereva alishuka mikono juu.

"Madam, mimi ni dere tu! Naapa!"

"Umebeba nini?"

"Mahindi ya shule. Relief."

"Umetoa wapi?"

"Emali. Kuna godauni hapo. Mimi nalodiwa mzigo tu, sijui mambo mengine."

Kanyiva alipanda nyuma, akatoboa gunia kwa kisu. Gunia lilikuwa jipya, jeupe, limeshonwa vizuri na kupigwa chapa ya msaada. Kilichomo hakikuwa kipya.

Harufu ilimpiga kwanza. Harufu ya gunia lililolowa tumboni mwa meli na kusahaulika huko. Punje zilikuwa za kijani, nyingine nyeusi, nyingine zimeshikana kwa utando wa ukungu. Alizisugua kidoleni zikageuka unga wa kijivu. Alitema mate mara mbili. Alishawahi kukaa siku nzima ndani ya tangi la maji machafu akimsubiri muuza silaha, na hakuona kinyaa kama kile. Tangi lile angalau hakuna aliyeliita chakula cha watoto.

Simu ilitetemeka.

Ni Hemedi, mkuu wake. Mzaliwa wa Mwingi, ukoo wake ukitokea pwani, mzee ambaye Kiswahili chake hunyooka hata anapotukana.

"Nipe habari."

"Ni yale ya meli, Mkuu. Yaliyokataliwa bandarini."

"Yaliyoamriwa kuchomwa?"

"Hakuna aliyeyachoma. Yamebadilishiwa magunia, yanaenda shuleni."

"Haiwezekani. Sampuli zilipimwa kwenye maabara ya nafaka, Wote. Kama yana sumu ya ukungu, tungeletewa tahadhari."

"Mmeletewa?"

"La."

"Basi kuna mtu ameimeza."

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Lori linashusha mahindi, maabara inapima sampuli. Yakiwa na sumu, tovuti ya maabara inawatumia barua pepe walinda ghala wa shule zote za Kitui na Makueni. Isipofika barua yoyote kufikia jioni, ghala linafunguliwa na wapishi wanapimiwa ya kesho. Yaani kimya ndiyo ruhusa. Waliobuni ujinga huo walikaa hotelini wiki nzima wakila kuku wazima, na mwisho wakapeana vyeti.

"Mkuu, pigieni shule simu."

"Zilipigiwa mwezi jana. Mtu wasiyemjua akajifanya maabara, akawaambia wamwage mahindi. Wakamwaga, kumbe yalikuwa mazima. Tangu hapo wameapa hawasikii simu wala SMS. Wanaamini barua pepe ya maabara peke yake."

"Na aliyepiga simu hizo alijua atawafanya wasiamini simu."

"Sasa tunaelewana. Magari nimeyatuma, lakini shule zimetapakaa kutoka vilima vya Kilungu hadi huko mchangani uliko. Hayatazifikia hata nusu. Barua lazima itoke kabla ya jioni, Kanyiva. Nenda Wote."

"Naenda."

"Na usile chochote njiani."

Huo ulikuwa mzaha wa Hemedi. Hakuna aliyecheka.

Maabara ilikuwa nyumba ndogo ya matofali pembeni mwa mji wa Wote. Mkuu wake, Fahima, alimpokea mlangoni akiwa na koti jeupe na hijabu ya kijani. Macho yalikuwa mekundu.

"Dada, nimetuma! Tangu asubuhi natuma. Njoo uone mwenyewe."

Alibonyeza kitufe. Kwenye skrini likatokea neno moja kwa herufi za kijani, na alama ya vema pembeni.

*Imetumwa.*

"Unaona? Halafu napigiwa na Hemedi kwamba hakuna barua iliyofika. Mimi nimwambie nini? Hao ni watoto wa watu."

"Nipe paswadi ya tovuti," Kanyiva alisema, akifungua ThinkPad.

Kabla ya kumpa bunduki, Kitengo kilimfundisha seva. Alikuwa amechukia mafunzo hayo kwa moyo wote, mpaka alipogundua kwamba wahalifu wa siku hizi hawajifichi porini. Wanajificha kwenye mistari ambayo hakuna mtu anataka kuisoma.

Akaisoma.

Skripti ya kutuma barua, orodha ya amri ambazo mashine huzifuata, ilikuwa fupi. Pokea matokeo ya maabara. Bisha kwenye seva ya barua. Kabidhi barua. Leta jibu. Yote yalikuwepo isipokuwa la mwisho. Mtu alikuwa ameiziba mdomo skripti ili kosa lolote lisionekane, halafu mwisho kabisa akaandika mstari wa kusema *Imetumwa*. Itumwe isitumwe, iseme imetumwa. Na ameiwekea rangi ya kijani!

"Mshenzi," Kanyiva alisema taratibu.

"Nani?"

"Bado sijui. Lakini ni mshenzi nadhifu sana."

Aliifungua skripti mdomo. Akafuta mstari wa uongo. Akabonyeza tena.

Safari hii hakuna kijani. Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, ukakaa kama mtu aliyesinzia kanisani. Mwishowe yakatoka maneno ya Kiingereza: *Connection timed out*.

"Inamaanisha nini?" Fahima aliuliza.

"Imebisha hodi, hakuna aliyeitika. Si kwamba imekataliwa. Ingekataliwa ingejibiwa papo hapo. Hii imeachwa nje mpaka ikachoka."

"Labda seva ya barua imekufa."

"Tuiulize."

Aliunganisha ThinkPad na intaneti ya simu yake mwenyewe, akabisha kwenye seva ileile ya barua, mlango nambari 587, ule ambao barua za kutoka hupitia. Jibu lilirudi kabla hajainua kidole. Karibu, seva ikasema. Akajaribu jina na paswadi ya maabara. Zikakubaliwa.

"Seva ya barua ni nzima. Paswadi ni nzima. Barua yako ni nzima. Kumbe ugonjwa uko kwa tarishi, mashine ya tovuti."

Akaandika skripti ndogo ya kupima, mistari michache tu, akaiweka kwenye tovuti ya maabara ili ibishe kutoka hukohuko. Mlango wa 587, kimya. Mlango wa 465, kimya. Mlango wa zamani wa 25, kimya.

Mlango mmoja ukifungwa, unaweza kusema ni bahati mbaya. Yote mitatu ikifungwa, hapo kuna mkono wa mtu. Mtu aliyeiruhusu tovuti ifunguke vizuri, matokeo yaingie vizuri, kila kitu kionekane kizuri, ila neno la kuwaokoa watoto lisitoke nje.

"Hii mashine ya tovuti iko wapi, Fahima? Siulizi kampuni. Chuma chenyewe."

"Emali. Kwa Injinia Mutie. Ndiye alipata tenda ya kututunzia. Alisema hapa kwetu stima inapotea sana, akaipeleka kwa godauni yake karibu na reli. Ako na AC huko."

"Godauni ya nini?"

Fahima alifungua mdomo ajibu, akaufunika kwa mkono.

"Mahindi," alisema kupitia vidole.

Kanyiva alikuwa akiwaza harufu ya lile gunia, na mtu anayelala juu ya harufu hiyo, anayeamka, anaoga, anapanga mistari yake ya kijani.

"Si ungetuma tu na email yako?" Fahima akauliza.

"Watadhani ni wale wa simu. Barua ya maabara hupigwa muhuri na mashine ile, na ufunguo wa muhuri haujawahi kutoka ndani yake. Anwani za walinda ghala ziko humo pia. Lazima nikaikalie uso kwa uso." Alifunga ThinkPad. "Kaa na simu mkononi. Nikikuambia tuma, unatuma. Na uandike humo kwamba kila anayeipata ajibu kuwa amefunga ghala. Safari hii sitaki kimya."

Emali ilikuwa na vurugu zake za kawaida. Malori ya Mombasa yamepanga mstari, makanga wa matatu za Loitokitok wanagombania abiria, king'ora cha treni kinalia na hakuna anayejali. Bohari la Mutie lilikuwa nyuma ya kituo cha reli, limezungushiwa mabati marefu. Langoni alisimama mlinzi mwenye panga na miwani ya jua.

Ndani kulikuwa na sauti za akina mama wakiimba.

Kanyiva alizisikiliza akaelewa. Ilikuwa mwethya. Kwa Wakamba mwethya ni majirani kumfanyia mwenzao kazi bila malipo, leo kwako, kesho kwangu. Ndivyo matuta yanavyochimbwa na nyumba zinavyoezekwa. Injinia Mutie alikuwa amewaita akina mama wa kanisa waje wamsaidie kubadilisha magunia ya mahindi aliyodai ni ya mayatima. Hakuajiri hata kibarua mmoja. Sumu yake ilikuwa inashonwa bure, kwa nyimbo za kumsifu Mungu.

Alifunga leso juu ya jinzi, akaficha bastola, pingu na flashi chini yake, akaliacha begi na helmeti kwenye pikipiki nyuma ya kibanda cha mkaa. Mlinzi hakumtazama mara mbili. Nani huwahesabu akina mama wa mwethya?

Uani walikuwa wengi, wameketi kati ya milima ya magunia na sindano ndefu za kushonea. Aliyewaongoza ni mama wa makamo, mikono minene, kitambaa cha kichwa kimekazwa kama cha mtu anayeenda vitani. Aliitwa Kasyoka. Alimtupia Kanyiva sindano na uzi.

"Wewe ni wa wapi, mwiitu?" alimuuliza, akimwita binti kwa Kikamba.

"Migwani, mwaitu," Kanyiva alimjibu, akimwita mama. "Nimekuja kusaidia."

"Saidia basi. Lakini kukula usahau." Kasyoka alielekeza midomo kwenye kreti za soda na mikate iliyorundikwa juani. "Ona. Mkate! Tangu nizaliwe, mwethya ya mahindi, mwenye kazi anapika isyo ya maharagwe na mahindi hayo hayo. Anakula na sisi, sufuria moja. Huyu ametuletea mkate ya duka na soda moto. Nimemwambia, Injinia, wacha mimi nitapika, wewe toa tu kibaba mbili. Amenifukuza kama kuku."

"Amesema kwa nini?"

"Ati mahindi ni ya Mungu. Asi! Kwani Mungu ndiye ameita mwethya?"

Hapo ndipo Mutie alipokosea. Alikuwa amefunga milango mitatu ya seva, amepiga simu za uongo, amepaka skripti rangi ya kijani. Lakini alikuwa ameishi Nairobi muda mrefu kiasi cha kusahau kwamba mwanamke wa Ukambani atavumilia kazi ngumu, jua na vumbi, lakini hatamsahau mwenye mwethya aliyekataa kula naye. Akina mama wote walikuwa wamenuna. Walikuwa wakiimba kwa meno.

"Hii harufu mlimwuliza?" Kanyiva alinong'ona.

"Alisema ni dawa ya wadudu."

Kanyiva alimshika mkono, akamvuta nyuma ya rundo, akapasua gunia la chini ambalo halijaguswa. Akamwonyesha. Kisha akamweleza kila kitu kwa sauti ya chini: meli, kuku wa Migwani, maghala yanayofunguliwa jioni.

Uso wa Kasyoka ulikauka.

"Shule gani?"

"Zote, mwaitu."

"Hata hii ya ng'ambo ya reli?"

"Hata hiyo."

"Wajukuu wangu wako hapo. Gunia zao nimeshona mimi. Na hii mkono." Aliutazama mkono wenyewe, akaupangusa kwenye sketi, akaupangusa tena. Kisha akageuza shingo na kutema mate kuelekea kreti za soda. "Unataka tufanye nini?"

"Kuna chumba cha kompyuta mle ndani. Nataka Injinia atoke humo, akae huku uani, asirudi mpaka nimalize."

"Hiyo ni kitu kidogo," Kasyoka alisema. "Tunapika."

Moto ulishika haraka. Kikaango kilitoka kwa mama muuza njugu wa nje. Punje zilianza kurukaruka, na moshi wake ulikuwa mbaya, mchungu, wa kuwasha macho. Nyimbo zilikoma zote kwa pamoja.

Kimya hicho ndicho kilichomtoa Mutie.

Shati jeupe. Viatu vinavyong'aa. Alinuka manukato yaliyomwagwa kwa wingi wa mtu anayejua anachokificha. Nyuma yake walifuata vijana wake wawili.

"Akina mama! Nilisema nini kuhusu kupika?"

"Tulisikia, Injinia," Kasyoka alijibu akikoroga. "Lakini mwethya bila chakula ya mwenyewe ni kibarua, na sisi hatujaandikwa. Isyo itachukua muda, kwa hivyo tunakaanga kidogo. Keti. Wewe ndiye utaanza."

"Mimi nimeshiba."

"Hakuna mtu amekuambia ukule sana."

Wakamzunguka. Si kwa fujo. Wanawake wa kanisa, kila mmoja na sindano yake mkononi.

Kanyiva alikuwa tayari ndani.

Ukumbi mwembamba. Mlango wa chuma. Baridi ya AC ikamgonga usoni, hewa safi ya kwanza tangu afike Emali. Mashine zinalala vizuri kuliko watoto, aliwaza. Kijana mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu akitazama mpira kwenye simu, bastola mezani.

Aliinua macho. Akaiona leso.

"Mama, choo iko ile side ing—"

Kiwiko kilimkuta shingoni. Kiti kilibingirika peke yake hadi ukutani. Kanyiva alimlaza chini, akamfunga mikono kwa uzi wa magunia, mshono uleule aliouona uani muda mfupi uliopita. Akaitia bastola ya kijana kwenye pipa la taka.

Seva ilikuwa sanduku jeusi la Dell. Ilidai paswadi. Kanyiva alichomeka flashi yake, akaizima mashine, akaiwasha kupitia flashi. Ukishaikalia seva uso kwa uso, paswadi ni heshima tu. Akaingia, akafungua orodha ya amri za ukuta wa ulinzi.

Zile pale. Mistari mitatu, milango mitatu, amri moja: chochote kinachotoka, kitupwe bila kujibiwa.

Akaifuta yote. Akaiwasha seva upya. Akajaribu.

Jibu lilikuja mara moja, na lilikuwa kosa jingine. *Certificate verify failed*.

"Aa-aa," alinong'ona. "Kumbe ulijipanga mara mbili."

Barabara ilikuwa wazi sasa, lakini mlangoni alisimama mtu asiye mwenyewe. Jina lilikuwa la seva ya barua, cheti hakikuwa chake. Skripti ilikagua kitambulisho, ikaona uso hauoani, ikakataa kumkabidhi barua. Kitu kimoja chenye uaminifu ndani ya bohari lile lote kilikuwa hiyo skripti, na ndiyo iliyozibwa mdomo.

Simu ilitetemeka. Hemedi.

"Uko wapi?"

"Karibu. Milango iko wazi, lakini cheti kimekataliwa."

"Fundi wetu wa hapa anasema zima ukaguzi wa cheti, mambo yaende."

"Mwambie fundi wetu akanywe chai."

Mtandaoni kumejaa washauri wa aina hiyo. Zima hiki, ruka kile, mradi kosa liondoke usoni. Angeuzima ukaguzi, barua zote zingeingia mikononi mwa mtu wa uongo, skripti ingeimba imetumwa, na wapishi wangepima mahindi.

Alifungua faili dogo ambalo seva huliangalia kwanza kabla ya kuuliza anwani ya mtu yeyote nje. Mstari wa mwisho ulisema seva ya barua iko humuhumu chumbani. Aligeuka. Chini ya meza kulikuwa na kijisanduku cha plastiki chenye taa ya kijani, kinakonyeza.

Aliufuta mstari. Kisha akaung'oa waya wa kijisanduku kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alitaka kung'oa kitu.

Akajaribu tena.

Seva ya barua, ile ya kweli, ikamkaribisha. Cheti sawa. Paswadi sawa. Barua ya majaribio ikapokelewa.

"Fahima. Tuma."

"Natuma!" Kibodi ililia. Halafu pumzi. "Imesema imetumwa. Dada, na mimi siamini tena hilo neno."

"Usiliamini. Ngoja majibu."

Huko uani mtu alipiga kelele. Kanyiva alikaza simu sikioni.

"Kimeu!" Fahima alipaza sauti. "Mwalimu Kimeu wa Kilungu amejibu! Amefunga! Migwani wamefunga. Huyu mwingine amefunga. Yanakuja, dada, yanakuja kama mvua."

"Ya Emali? Shule ya ng'ambo ya reli?"

"Bado."

"Ngojea hiyo."

Alitoka na Glock mkononi.

Uani, Mutie alikuwa amebanwa kwenye ukuta wa magunia yake mwenyewe. Kasyoka alishika kikaango mbele ya kidevu chake. Kijana mmoja wa Mutie alikuwa chini, akina mama wawili wamemkalia, mmoja wao anaendelea kushona. Wa pili alikuwa ameshatoroka pamoja na mlinzi wa lango.

"Onja," Kasyoka alisema. "Punje moja."

Mutie alitazama punje ile. Jasho lilimtoka. Mkono wake uliteleza kuelekea kiunoni, nyuma.

"Injinia."

Alisimama alivyo. Aliiona Glock, kisha leso, kisha uso.

"Mkono wako urudi polepole. Na usiwe na kitu."

Ukarudi mtupu. Kanyiva alimpokonya bastola iliyokuwa kiunoni, akamtia pingu. Manukato yake yalichanganyika na moshi wa kikaango, ikawa harufu ambayo baadaye sabuni mbili hazikuitoa.

Akina mama wote walikuwa wakiitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Kanyiva, maana Kasyoka alikuwa ameshawaambia. Treni ilipita nyuma ya mabati. Ilikuwa ndefu mno.

Simu ikalia.

"Wamefunga," Fahima alisema, na sasa alikuwa analia waziwazi. "Mlinda ghala wa Emali. Anasema alikuwa ameshafungua, mpishi ameshika debe. Akasoma barua akamnyang'anya. Wamefunga."

Kanyiva aliteremsha simu. "Ng'ambo ya reli wamefunga, mwaitu. Hakuna mtoto amekula."

Kasyoka aliketi chini kwa uzito wake wote. Akagundua ameketi juu ya gunia, akainuka haraka kama aliyekalia makaa, akasimama huku wenzake wakimshika mabega. Mmoja alianza kukata mshono wa gunia lililokuwa mbele yake. Mwingine akafuata. Walikata kimya kimya, kazi ya siku nzima, uzi kwa uzi.

Landcruiser za Kitengo ziliingia langoni. Mutie, akiona hapati mwingine wa kuongea naye, alimgeukia Kanyiva kwa sauti ya chini, ya watu wanaoelewana.

"Madam, wewe ni mtu umesoma. Waelezee hawa. Ile meli ingechomwa bure, chakula ipotee, na watu wako na njaa. Na unajua mtoto wa huku amezoea, ako na tumbo ngumu. Wangu mimi wanasoma Nairobi, hawawezi hata kugusa hii kitu."

Kanyiva alikuwa amesikia maneno mengi machafu kutoka kwa watu waliotiwa pingu. Matusi, vitisho, mahesabu ya hongo. Haya yaliyapita yote.

Kasyoka hakutafuta neno. Alikichukua kikaango, akamsogelea Mutie, akavuta mfuko wa shati lile jeupe kwa kidole kimoja. Akaumiminia punje zile, nyeusi na kijani, mpaka zikajaa. Kisha akaufunika mfuko kwa kiganja, taratibu, kama anavyofanya bibi akimfungia mjukuu chakula cha safari.

"Utakula njiani," alisema.

Askari wakampakia. Alikwenda hivyo hivyo, mikono nyuma, mfuko umevimba kifuani, na hakuna aliyemtolea.

Simu ya Kanyiva ililia tena. Hemedi alitaka ripoti. Aliikata, akafungua leso, akatoka langoni, akavaa helmeti. Yamaha ilishika kwa kiki ya kwanza.